Kikuyu Angani, Kiswahili kwa Michael Jackson: Maswali Yenu ya Mwezi

Wasomaji wangu, sanduku limejaa tena na naona wengi mnaniandikia mkiwa mmeshabishana mpaka sauti zimekauka, mmoja ameweka dau la kuku mzima, mwingine hasemezani na shemeji yake juu ya wimbo. Sawa, tuanze. Ombi langu ni moja, ukiniuliza swali niambie pia ulisikia wapi, ju nusu ya barua za mwezi huu zimetokana na vile vividio vya nusu dakika na kila anayevisambaza anatia chumvi yake.

Niaje mhariri. Mimi ni makanga laini ya Rongai. Juzi abiria alikaa mbele na dere akasema ati kwa Star Wars kuna jamaa anaongea Kikuyu kabisa, gari nzima ikamcheka. Alishuka Bomas amenuna. Kwani alikuwa anatudanganya?
*Makanga, Rongai*

Hakuwadanganya, na ukimuona tena mbebe bila nauli.

Muvi yenyewe ni Return of the Jedi ya 1983. Kuna kiumbe anaitwa Nien Nunb, mashavu yamemshuka, macho meusi makubwa, ndiye anakaa kando ya Lando Calrissian wakiendesha ile meli ya Millennium Falcon kwa vita ya mwisho. Waliotengeneza sauti za Star Wars walikuwa na tabia ya kutafuta lugha ambazo mtazamaji wa Marekani hajawahi kuzisikia, wanazichukua kama zilivyo ama wanazikoroga kidogo, alafu zinageuka lugha za sayari zingine. Sauti ya Nien Nunb akapewa Mkenya mmoja aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, anaitwa Kipsang Rotich, na utamu ndio huo sasa, jina ni la Kikalenjin, lugha aliyoongea ni Kikuyu, na abiria wako alikuwa sahihi mia kwa mia.

Na si kelele tu za kujaza mdomo, ni maneno yenye maana. Kuna mahali anawaita wote walio pale waje hapa, kuna mahali analalamika kwamba maelfu ya ndovu wamemkanyaga mguu, na Lando anajibu kwa sura ya mtu aliyeelewa kila kitu na wako katikati ya kulipua kituo cha adui! Waliotazama hapa nyumbani wakielewa Kikuyu walicheka wakati dunia nzima ilikuwa imeshika roho. 2015 walipotoa The Force Awakens, Nien Nunb alirudi na mwenye sauti akawa ni Kipsang Rotich yuleyule. Kwa hivyo ukiskia mtu anasema hakuna Mkenya kwa Star Wars, mwambie asikize tena bila kutafuna popkoni.

Mwanangu, pole kwa kazi. Nilikuwa nafua nguo redio ikacheza ile Liberian Girl ya Michael Jackson na mwanzoni nikasikia kama mtu anasema nakupenda. Binti yangu ananiambia masikio yamezeeka. Nisaidie.
*Mama wa Umoja*

Mama, masikio yako hayana shida yoyote, binti akuombe msamaha na amalizie hizo nguo.

Wimbo huo uko kwa albamu ya Bad, 1987, na yule mwanamke anayesema mwanzoni "nakupenda pia, nakutaka pia, mpenziwe" anaitwa Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani miaka ya ubaguzi wa rangi. Mumewe Caiphus Semenya, naye mwanamziki mkubwa, ndiye alipanga hicho kipande cha Kiswahili. Quincy Jones ndiye alikuwa prodyusa na alikuwa anawajua hawa wawili kitambo, hata ule mziki wa Roots ya 1977 Letta Mbulu yumo.

Sasa shida ya huu wimbo ni jiografia. Liberia iko magharibi kabisa ya bara, huko mtu wa Monrovia akisalimiwa kwa Kiswahili atakuangalia tu. Yaani wimbo wa msichana wa Liberia, umefunguliwa na mama wa Afrika Kusini, kwa lugha yetu ya huku, na ukauzwa dunia nzima na hakuna aliyeuliza. Mimi sijali sana, mapenzi ni mapenzi, lakini ingekuwa ni wimbo wa msichana wa Ufaransa unaanza kwa Kirusi wangeambiwa warudi studio.

Na kwa vile tuko hapo, kuna wengine wawili waliniuliza kuhusu Lionel Richie, ile All Night Long ya 1983, ati katikati anaimba Kiswahili. Hapana. Kuna "jambo" inapita pale ndani, lakini yale maneno mengine ya kuitikia aliyatunga tu yaskike kama ya Afrika, na mwenyewe ameshasema hivyo. Miaka imepita tunayacheza kwa harusi na kila mjomba ana tafsiri yake. Ukitaka Kiswahili cha kweli kwa wimbo wa msanii mkubwa wa Marekani sikiza Spirit ya Beyoncé ya 2019, ile ya The Lion King mpya, inaanza kwa kumtakia mfalme aishi muda mrefu na hapo hakuna kubahatisha.

Sisi wazee watatu tunacheza drafti Kariokor, hatuelewani. Nani alitunga Malaika? Mmoja anasema ni Miriam Makeba, mwingine Fadhili William, mimi nasema ni wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Toa uamuzi tuendelee na mchezo.
*Mzee wa Drafti*

Wazee wangu shikamooni, hii nitaijibu polepole ju ni kesi.

Makeba tumtoe kwanza. Mama Miriam Makeba aliufikisha mbali kuliko mtu yeyote, na aliuimba pia na Harry Belafonte kwa ile albamu yao ya 1965 iliyoshinda Grammy mwaka uliofuata, lakini hakuutunga na hakuwa Mswahili, ndio maana ukisikiza vizuri kuna maneno anayatamka kiaina. Baadaye wakaja Boney M na wao wakautoa 1981, ukapigwa kwa disko za Ujerumani. Angélique Kidjo wa Benin naye akauimba.

Fadhili William, mzaliwa wa Taveta, ndiye aliurekodi kwanza kibiashara, na bendi yake ya Jambo Boys, mwanzo wa miaka ya 60, studio za hapahapa Nairobi. Jina lake ndilo lilisajiliwa na ndilo linatokea mara nyingi kwenye santuri kama mtunzi. Kwa hivyo kisheria na kimaandishi huyo ndiye ana nguvu zaidi.

Lakini, na hapa ndipo drafti inaweza kupinduka, kuna Adam Salim ambaye alisema wimbo ni wake na aliutunga 1945, Fadhili akiwa bado mtoto. Kuna Lucas Tututu wa Mombasa, naye ametajwa miaka mingi. Na kila mmoja ana watu wanaomtetea kwa moyo wote. Uamuzi wangu ni huu: kurekodi na kutunga ni vitu viwili. Zamani wimbo ulikuwa unatembea kwa mdomo, unaimbwa kwa harusi, unaimbwa kwa klabu, mtu anaongeza ubeti, anasafiri nao mpaka Moshi, anarudi nao Nairobi, alafu siku moja mzungu mwenye mashine ya kurekodi anauliza "huu ni wa nani?" na aliyesimama mbele ya maiki ndiye anaandikwa. Fadhili alikuwa mbele ya maiki, na aliuimba vizuri sana, tusimnyime hiyo. Mwandishi wa maneno ya kwanza kabisa sitamtangaza hapa ju ushahidi wa karatasi unaanza na ile rekodi.

Kinachouma ni kwamba wimbo wenyewe unahusu kijana anayependa lakini hana mali ya kuoa, alafu mali iliyotokana na huo wimbo ikaenda kwa kampuni za mbali kuliko kwa wote watatu tuliowataja.

Kwa hiyo mzee wa Fadhili achukue kete mbili, wewe moja, na wa Makeba anunue chai.

Boss, mimi ni dereva wa watalii, natoka South B. Mgeni mmoja ameniambia nikisema Hakuna Matata nitashtakiwa na Disney. Nisalimie wageni aje sasa?
*Dereva wa vani*

Wasalimie vile umekuwa ukiwasalimia, hakuna polisi atakuja.

Twende na mpangilio. Kabla ya Disney kulikuwa na Them Mushrooms, vijana wa Pwani waliokuwa wanapiga mziki kwa mahoteli ya watalii. Kiongozi wao Teddy Kalanda Harrison aliona vile wageni wanajifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili wakiwa kando ya bahari, akayapanga yakawa wimbo, Jambo Bwana, ukatoka 1982. Ukiusikiza ni kama somo la kwanza la Kiswahili, salamu, karibu, habari, na ile hakuna matata imekaa pale kwa kiitikio. Mwaka uliofuata Boney M wakatoa ya kwao. Bendi zingine za mahoteli nazo zikauchukua, mpaka leo ukishuka uwanja wa ndege kuna uwezekano mkubwa utaimbiwa kabla hujapata mzigo wako.

The Lion King ilikuja 1994. Mziki wa nyimbo ni wa Elton John, maneno ni ya Tim Rice, na ile Hakuna Matata yao ilipendekezwa kwa Oscar ikashindwa na wimbo mwingine wa muvi hiyohiyo, Can You Feel the Love Tonight. Mwaka huohuo wa 1994 Disney wakaomba kusajili hayo maneno mawili kama alama yao ya biashara Marekani, na wakapewa 2003. Alama inahusu nguo, yaani ukichapisha fulana zenye hayo maneno ukaziuza Marekani ndio unaweza kupata barua ya wakili. Kuongea haihusiki, kuimba Jambo Bwana haihusiki, kumwambia mgeni tairi ikipasuka Namanga haihusiki kabisa.

Watu wengi walijua habari hii 2018 tu, pale mwanaharakati wa Zimbabwe alipoanzisha ombi la kuitaka Disney iachilie hayo maneno, na makumi ya maelfu wakatia saini. Disney hawakuachilia. Mimi nilitia saini pia, lakini nikiwa mkweli hasira yangu iko mahali pengine. Fulana si kitu. Swali ni kwa nini kila mtoto duniani anamjua Pumbaa, yule ngiri wa The Lion King, na hamjui Teddy Kalanda.

Swali la haraka mhariri, ile "awimbowe" ni Kiswahili cha wapi? Mimi na wenzangu wa darasa tunasema ni cha Kongo.
*Mwanafunzi, Buruburu*

Si Kiswahili na si cha Kongo, ni Kizulu kilichoharibika njiani. Hadithi yake ni chungu lakini ijue.

1939 huko Johannesburg, Solomon Linda na kikundi chake walirekodi wimbo unaitwa Mbube, yaani simba. Linda alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa kampuni ya santuri, akalipwa shilingi kumi hivi kwa huo wimbo na haki zote zikaenda. Santuri ikafika Marekani, mwimbaji mmoja huko akaiskiliza, ile "uyimbube" akaandika "wimoweh" vile sikio lake lilimwambia, ikarekodiwa, alafu 1961 ikavalishwa maneno ya Kiingereza ikawa The Lion Sleeps Tonight na ikapanda mpaka juu kabisa. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Wimbo ukaendelea kutembea mpaka ukafika kwa The Lion King, ndipo familia yake ikapata mawakili, wakashtaki, na mwaka wa 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa. Miaka 67 kutoka kurekodi!

Na kwa vile mko darasa moja, waambie hata ule wimbo wa jua kuchomoza mwanzo wa muvi ni Kizulu pia, aliyeita pale ni Lebo M. Kilicho cha kwetu ni majina, Simba, Rafiki, Sarabi, na mandhari, ju wachoraji wa Disney walikuja Hell's Gate pale Naivasha kutazama miamba na mabonde kabla hawajachora. Mkienda ziara ya shule mtaona.

Mhariri, kuna msee hapa kinyozi anasema Kanye West alitumia wimbo wa Mjaluo. Nimemwambia apunguze kahawa. Ukweli ni upi?
*Mteja wa kinyozi, Kayole*

Aongezwe kahawa. Hii ndiyo barua nimeipenda kuliko zote mwezi huu ju inanipa nafasi ya kumtaja mtu ambaye kila Mkenya amemsikia na wengi hawalijui jina lake.

Albamu ya Kanye ya 2018 inaitwa Ye, na wimbo wa pili unaitwa Yikes. Ile sauti inayozunguka kule nyuma imekatwa kwa Kothbiro ya bendi ya Black Savage, rekodi ya Nairobi ya miaka ya 70. Black Savage walikuwa vijana wa hapa waliokuwa wanapiga mziki wa gitaa nzito na fuzi, ile sauti ya gitaa ya kukwaruza, na kati yao kulikuwa na Job Seda. Huyo Job Seda ndiye baadaye ulimwengu ulimjua kama Ayub Ogada.

Sasa ngoja nikupe mzunguko wake wote. Alizaliwa Mombasa 1956, wazazi wanamziki, utotoni akakaa Marekani nao wakizunguka kupiga ngoma za kwao, akarudi, akapitia Black Savage, kisha African Heritage Band, ile iliyokuwa inachanganya vyombo vya kienyeji na vya umeme. 1985 Out of Africa ilipotoka alikuwemo kama mwigizaji, tafuta jina Job Seda kwa orodha ya mwisho, hiyo ndio ile muvi iliyobeba Oscar saba. Alafu katikati ya miaka ya 80 akaenda Uingereza na nyatiti yake, nyuzi nane basi, akawa anapiga barabarani na kwa vituo vya treni London mpaka watu wa Peter Gabriel, mwanamziki mkubwa wa huko, wakamuona. 1993 wakamtolea En Mana Kuoyo, albamu ambayo ndani yake kuna Kothbiro tena, safari hii bila umeme wala fuzi, nyatiti na sauti yake tu, taratibu kabisa, na hiyo ndio ile unaijua. The Constant Gardener ya 2005, ile iliyopigwa Kibera na Loiyangalani na ikampa Rachel Weisz Oscar, imeitumia, na tangu hapo kila mtu anayetaka kuonyesha Afrika jioni jua likizama anaikimbilia.

Yaani wimbo mmoja, mvua inakuja ndilo jina lake kwa Kijaluo, umeishi mara mbili, mara ya kwanza ukiwa na kelele za vijana wa Nairobi na mara ya pili ukiwa umetulia, na watu wa Kanye wakachukua ile ya kwanza ambayo hata sisi tulikuwa tumeisahau kwa maboksi. Ayub Ogada aliaga Februari 2019 kule Kisumu. Fanya hivi, ukifika kinyozi waambie wazime hiyo redio dakika kumi, piga ya Black Savage, alafu piga ya 1993, alafu Yikes. Kisha mwambie huyo msee pole.

Nipe za haraka haraka za kuwashinda maofisa wenzangu kwa chemsha bongo ya Ijumaa.
*Karani, Upper Hill*

Chukua, lakini usiseme umezitoa wapi.

Daudi Kabaka, yule wa twisti, wimbo wake Helule Helule uliimbwa na bendi ya Uingereza The Tremeloes 1968 na ukafika nambari 14 kwa chati za huko. Ule mchezo wa vijiti unaitwa Jenga ulitolewa London 1983 na Leslie Scott, mwanamke Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kulelewa sehemu hizi, na jina ni Kiswahili chetu kavu. Uhura wa Star Trek ya 1966 ametolewa kwa uhuru, mwigizaji Nichelle Nichols alitaka kuacha hiyo kazi baada ya msimu wa kwanza na aliyemsihi abaki ni Martin Luther King mwenyewe. Mkurugenzi wa Bend It Like Beckham, Gurinder Chadha, alizaliwa Nairobi, na Roger Whittaker yule wa kupiga mluzi naye alizaliwa Nairobi, 1936. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City, 1983, ndio maana jina lake la Kihispania, na Oscar yake ya 12 Years a Slave aliichukua Machi 2014.

Hii nyingine watakuchukia: Herbie Hancock, mkali wa piano ya jazi, mwanzo wa miaka ya 70 yeye na bendi yake wote walijipa majina ya Kiswahili, yeye akawa Mwandishi na ndio jina la albamu yao ya 1971. Mpiga besi akawa Mchezaji, mpiga ngoma Jabali, mpiga trombone Pepo Mtoto. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson akajiita Mganga na hapo hakukuwa na mchezo, alikuwa daktari kabisa mwenye digrii ya udaktari.

Mimi ni mwalimu wa kwaya Kawangware. Watoto wameniletea Baba Yetu wanasema ni ya gemu. Mimi naijua ni sala. Tunaweza kuiimba kanisani ama tutafukuzwa?
*Mwalimu wa Kwaya*

Mwalimu, imbeni. Maneno ni ile sala ya Bwana ya Kiswahili, kilichotoka kwa gemu ni tuni. Mtunzi ni Christopher Tin, Mmarekani, aliutunga kwa gemu ya kompyuta ya Civilization IV iliyotoka 2005, ule mziki unaoskika kabla hujaanza kucheza. Aliuweka tena kwa albamu yake na 2011 ukashinda Grammy, na huo ndio wimbo wa kwanza uliotungwa kwa gemu kuchukua Grammy. Tafuta noti zake, sauti za chini ziko na kazi nyingi kwa hivyo usiwape wavulana ambao sauti zinavunjika, watakuaibisha katikati.

Kasongo ni nani jameni? Kila mahali ni Kasongo. Mtoto wangu wa miaka minne anaimba.
*Baba Kevo, Pipeline*

Baba Kevo, Kasongo ni mume wa watu aliyetoroka. Bendi ni Orchestra Super Mazembe, vijana wa Zaire waliopitia Zambia wakaingia Nairobi 1974 na hawakuondoka, na jina Mazembe ni yale matrekta makubwa ya kuchimba barabara. Wimbo ni wa miaka ya 70, Lingala, mke anamlilia Kasongo mume wake arudi nyumbani. Ni gitaa la hapa Nairobi hilo, lilipigwa na Wakongo lakini likanyonya maji ya Nairobi, na watu wa Ulaya waliisikia 1983 kampuni ya Virgin ilipotoa albamu ya Mazembe huko. Kuelekea mwisho wa 2024 vijana wa mitandaoni wakaufufua na wakampachika Rais William Ruto hilo jina, naye mwenyewe akalitaja hadharani akihesabu majina yote aliyopewa. Mtoto mwache aimbe. Ila akianza kukuita wewe Kasongo ujue umekuwa ukichelewa kurudi nyumbani.

Mjomba wangu anasema The Ghost and the Darkness ilipigwa Tsavo na wale simba ni wale wale wa kweli waliofunzwa. Tumeweka dau la nyama choma kilo mbili.
*Mpwa, Githurai*

Mjomba ameumia mara mbili.

Kisa ni cha kweli. 1898 simba wawili dume walivamia kambi ya wajenzi wa reli pale mto Tsavo, wakasimamisha ujenzi wa daraja kwa miezi, na wengi wa waliokufa walikuwa vibarua kutoka India na Waafrika ambao majina yao hayako kwa muvi yoyote. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua mwezi wa Desemba, akaandika kitabu, na baadaye akataja idadi ya waliokufa kuwa 135. Wanasayansi walipopima mifupa na manyoya ya hao simba, ripoti yao ya 2009 ilikadiria waliokuliwa ni kama 35. Mzee alikuwa anauza kitabu, tumuelewe.

Sasa muvi. Ni ya 1996, Val Kilmer ndiye Patterson, na ilipigwa Afrika Kusini. Simba walioigiza walikuwa na manyoya ya shingoni kama simba wa pakiti ya biskuti, na wale wa Tsavo hawakuwa nayo kabisa, simba dume wengi wa huko ni vipara mpaka leo. Yule mwindaji Remington wa Michael Douglas ni wa kubuni, hakukuwa na mtu kama huyo. Oscar walipata ya uhariri wa sauti na hiyo walistahili, ile ngurumo ya usiku nyasi zikitikisika haikuniacha nilale.

Na wale wa kweli hawawezi kufunzwa chochote. Patterson aliwageuza zulia nyumbani kwake miaka mingi, alafu miaka ya 1920 akawauza kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, kwa dola 5,000, wakashonwa upya na wako pale kwa kioo mpaka sasa. Ukiangalia vizuri ni wadogo kuliko walivyokuwa hai ju ngozi zilikuwa zimekatwa na kuchakaa kwa kukanyagwa. Kenya imewahi kuomba warudishwe. Mjomba alipe kilo mbili, na kwa sababu ya simba wa kufunzwa aongeze kachumbari na ugali.